Antena ndogo ya setilaiti ndogo: maana yake na gharama ya udogo

Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari wa chuo cha Cal Poly na Bob Twiggs wa Chuo Kikuu cha Stanford, wote wa Marekani, walipendekeza kipimo cha pamoja cha setilaiti ndogo sana zinazoitwa kyubusati: mchemraba wenye upande wa sentimita 10. Ndicho kipimo cha 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Mei 2018. Kompyuta, kamera na redio zimeendelea kupungua ukubwa hata zikaenea ndani ya boksi kama hilo, lakini antena imekataa kupungua kwa kasi hiyo, na kinachoizuia ni maumbile ya mawimbi yenyewe.

Antena hurusha na kupokea vizuri pale urefu wake unapokaribia nusu au robo ya wimbi. Urefu wa wimbi kwa mita hupatikana kwa kugawa 300 kwa idadi ya megahatsi, yaani masafa ya wimbi: mamilioni ya mitetemo yake kwa sekunde. Kwenye megahatsi 437, masafa yanayotumiwa sana na setilaiti za vyuo, wimbi lina takriban sentimita 69, na robo yake ni sentimita 17, yaani ndefu kuliko upande wa mchemraba. Kwenye megahatsi 145 robo hiyo hufika nusu mita.

Kwa sababu hiyo, mhandisi anaposema antena ni ndogo hazungumzii udogo unaoonekana kwa macho, bali udogo ukilinganishwa na wimbi. Antena ya kibati cha sentimita mbili inayofanya kazi kwenye gigahatsi 8 (megahatsi 8,000) si ndogo kwa maana hiyo, ilhali waya wa sentimita 10 kwenye megahatsi 145 ni mdogo mno. Waya huo unaweza kukunjwakunjwa au kusokotwa kama springi mpaka uitike masafa yanayotakiwa, ila nishati nyingi itabaki ikizungukazunguka karibu nao badala ya kuondoka kama mawimbi. Mhandisi L. J. Chu alionyesha mwaka 1948 kwamba jambo hili lina mpaka usioweza kuvukwa kwa ustadi wowote: antena iliyokwisha kuwa ndogo ikipunguzwa nusu, upana wa masafa inayoweza kuyahudumia bila kupoteza ufanisi hupungua takriban mara nane. Huko angani, ambako setilaiti hupita juani na kivulini kila baada ya dakika 90 hivi, badiliko dogo la joto linatosha kuisogeza antena ya namna hiyo nje ya masafa yake.

Wabunifu wengi huukwepa mpaka huo kwa kutoipunguza antena kabisa. Huchukua utepe wa chuma unaojinyoosha wenyewe, kama ule wa futi ya fundi seremala, wakauzungushia setilaiti na kuufunga kwa uzi wa nailoni. Nusu saa au zaidi baada ya setilaiti kuachiliwa, rezista ndogo, yaani kipande kinachozuia umeme, hupata moto, uzi hukatika, na utepe hufyatuka. Ni mbinu ya bei nafuu na ninaiona bora kuliko nyingi zenye sifa kubwa, ingawa uzi usipokatika setilaiti nzima inaweza kubaki bubu.

Njia ya pili ni kupandisha masafa. Kwenye gigahatsi 2.4 wimbi lina sentimita 12.5 tu, na kibati bapa kilichobandikwa juu ya kauri au plastiki maalumu huwa kifupi kuliko nusu ya wimbi hilo, kwa hiyo hakihitaji kukunjuliwa. Masafa ya juu pia huruhusu kuelekeza nguvu upande mmoja: setilaiti pacha za MarCO, kyubusati mbili za shirika la anga la Marekani NASA, zilikunjua paneli bapa zilizoakisi mawimbi kuelekea duniani, zikapeleka habari za kutua kwa chombo cha InSight kwenye sayari ya Mirihi tarehe 26 Novemba 2018. Kinachodaiwa hapo ni setilaiti iweze kujielekeza kwa usahihi, jambo ambalo mchemraba unaobingirika hauwezi.

Jambo ambalo wanafunzi husahau mara nyingi ni kwamba umeme wa antena hautembei kwenye waya peke yake. Hutembea pia kwenye mwili wa chuma wa setilaiti, ambao hugeuka kuwa sehemu ya antena. Kwa hiyo antena iliyopimwa mezani ikiwa peke yake haijapimwa bado, na paneli ya jua ikihamishwa sentimita chache tu, hesabu huanza upya.