Je, wajua? Kwa nini anayekosa usingizi huambiwa achelewe kupanda kitandani

Mtu aliyemaliza miezi bila usingizi wa maana akimlalamikia jirani yake pale Majengo, Moshi, ushauri atakaopewa haubadiliki sana: kunywa maziwa ya moto, panda kitandani mapema, na asubuhi usiamke haraka, fidia. Tiba yenye ushahidi mzito kuliko zote kwa tatizo hili, ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi bila dawa (CBT-I), inamwambia kinyume. Achelewe kulala, aamke saa ileile kila siku hata kama hakupata lepe, na mchana asijinyooshe. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja mwaka 2016 kuwa tiba ya kuanza nayo kabla ya vidonge, na wataalamu wa Ulaya wakasema hivyohivyo mwaka 2017.

Tunazungumzia ukosefu sugu: siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, mtu ana nafasi ya kulala lakini usingizi hauji, au anashtuka usiku na haurudi, na mchana wake unaharibika. Kukesha siku mbili kwa sababu ya ada ya shule hakuhesabiwi.

Sasa, kulala mapema kuna ubaya gani? Ubongo ukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya humo saa baada ya saa. Ikijaa vya kutosha, kope huwa nzito. Usingizi ndio unaoipunguza. (Kafeini huizuia isifanye kazi yake, na takriban saa tano baada ya kunywa, nusu ya kafeini ingali mwilini. Chai ya rangi ya saa 12 jioni imo, si kahawa peke yake.) Aliyelala vibaya jana, akajilaza mchana, kisha akapanda kitandani saa 2 usiku, anafika na adenosini pungufu. Usingizi alionao ni uleule, ila ameutandaza juu ya saa nyingi.

Fikiria donge la unga wa chapati. Ukilisukuma litoshe kikaango chake, chapati inashika na inageuzika. Ukitaka donge hilohilo lifunike sinia la pilau, litakuwa jembamba, litatoboka hapa na pale, na kuligeuza ndiyo basi tena. Matundu hayo ndiyo ile saa 7 usiku ya kukodolea dari macho, na saa 9 ya kuhesabu madeni. Anayehangaika huyaona matundu akaamua kutafuta sinia kubwa zaidi. Tiba inarudi kwenye kikaango kidogo mpaka chapati ishike, kisha inatafuta kikaango kikubwa kidogo, halafu kingine, na kila mara inatazama kama unga bado unatosha.

Aliyeiandikia njia hii ya kubana saa za kitandani utafiti ni mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman, pamoja na wenzake, mwaka 1987. Mwaka huohuo walitenganisha kinachoanzisha tatizo na kinacholiendeleza. Kinachoanzisha huwa msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi. Kinachoendeleza ni mbinu za kufidia: kulala mapema, kusinzia mchana, kupitiliza siku za mapumziko. Msiba unaisha, mbinu zinabaki. Baada ya muda kitanda chenyewe humzoesha mtu kuwa macho: alikuwa anasinzia kwenye kochi, akigusa shuka tu macho yanafunguka kweupe.

Hapo ndipo kauli ya “ni mawazo tu, yakiisha utalala” inapopotosha, na inapotosha watu wengi, wakiwemo wahudumu wa afya. Kwa miaka mingi kukosa usingizi kulihesabiwa kuwa dalili ya sonona au wasiwasi uliopitiliza: tibu ugonjwa, usingizi utafuata. Mara nyingi haufuati. Wapo wanaopona sonona wakabaki na usiku uleule mbovu, na usiku huo ni mojawapo ya vitu vinavyoirudisha. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha tafiti zilizofuatilia watu kwa muda ulionyesha kuwa mtu asiye na sonona lakini anayekosa usingizi ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kuipata baadaye. Hilo halithibitishi kwamba usingizi mbovu ndio uliosababisha. Huenda kwa baadhi yao ulikuwa sonona ikibisha hodi. Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliacha kabisa kugawa ukosefu wa usingizi kati ya ule “wa wenyewe” na ule “unaotokana na ugonjwa mwingine”. Vyote viwili vinatibiwa, kwa wakati mmoja.

Kuhusu kama kutibu usingizi huiponya sonona, tuweke breki. Utafiti mdogo wa mwaka 2008, watu 30, uliopima tiba hii pamoja na dawa ya sonona ulitia matumaini makubwa. Mwingine wa mwaka 2016, watu 150, haukuonyesha tofauti ya wazi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017, wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu, lilikuta waliotibiwa usingizi kwa intaneti wakipungukiwa pia na shuku za kuhisi wanaandamwa na hali ya kuona au kusikia visivyokuwepo. Upungufu wenyewe ulikuwa mdogo, na wengi waliacha katikati.

Inavyofanyika. Wiki mbili za kwanza ni daftari tu: kila asubuhi unaandika ulipanda kitandani saa ngapi, unakadiria ulilala kwa muda gani, ukatoka saa ngapi. Usiku huangalii saa, na simu ndiyo saa. Chukua muuza ndizi wa soko la Mbuyuni anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi mzigo. Anapanda kitandani saa 2 usiku, kwa hiyo yuko kitandani saa 9, na daftari linaonyesha analala saa 5 na nusu. Hiyo ni asilimia 61 ya muda anaokaa kitandani. Saa ya kuamka haiguswi. Kutoka hapo anarudishwa nyuma saa 5 na nusu: atapanda kitandani saa 5:30 usiku. Kila wiki anapiga hesabu tena. Akifika asilimia 85, yaani saa 4 na dakika 40 za usingizi ndani ya saa hizo 5 na nusu, anaongezwa robo saa na kulala saa 5:15. Akiwa chini ya 80, anapunguziwa robo saa, ila chini ya saa 5 hapelekwi mtu. Kati ya 80 na 85, anabaki palepale.

Kanuni ya pili ni ya Richard Bootzin, 1972: usingizi usipokuja kwa kama dakika 20 za kukisia, toka kitandani, rudi ukisinzia. Kwa aliyepanga chumba kimoja inataka maandalizi. Kigoda mbali na kitanda, mwanga hafifu, kitu kisichosisimua cha kufanya mikononi. Arusha mwezi wa Julai, sweta na shuka zito zikae juu ya kigoda tangu jioni, maana hakuna anayetoka ndani ya neti saa 8 usiku kwenda kutafuta sweta kabatini.

Inapoharibika ni palepale kila mara. Mtu anasinzia kwenye kochi wakati wa taarifa ya habari, anakula nusu ya usingizi wake kabla ya saa 5:30. Au Jumapili anapitiliza hadi saa 3 asubuhi, na Jumapili usiku anakesha. Au anaacha wiki ya pili, kwa kuwa hali kweli huwa mbaya kwanza. Katika wiki hizo dereva wa gari la watalii au boda asijaribu bila mtu wa kumfuatilia: kusinzia kati ya Arusha na Moshi si jambo la kujaribia.

Wenye kifafa, wanaotembea usingizini, na hasa wenye bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno), wasipunguze saa peke yao. Usingizi mchache unaweza kumpandisha mwenye bipola hadi kurukwa na akili. Anayekoroma na kukata pumzi achunguzwe hilo kwanza. Anayemeza diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kila usiku asiikatishe ghafla. Hupunguzwa taratibu na daktari. Kitengo cha afya ya akili kiulizwe hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi au Mount Meru, na mwenye fikra za kujiua aende siku hiyohiyo, asisubiri daftari lijae.

Kazi yote huchukua wiki 6 hadi 8. Si kila mtu huishia na saa 8 za usingizi. Wapo wanaotulia kwenye 6 na nusu, za mfululizo, na mchana wako sawa.