Kurithi Kisukari si Kurithi Ugonjwa wa Figo

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mzee aliyekuja na majibu yake yamekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati: "Daktari, kwetu sukari ni ya ukoo, lakini figo hazijawahi kutusumbua, kwa hiyo kipimo hiki cha mkojo sikukiona na maana." Uwiano wake wa albumini, protini inayovuja kwenye mkojo figo zikiumia, na kreatinini, taka ya kawaida ya mkojo, ulikuwa miligramu 340 kwa gramu, kikomo ni 30. Wengine huja na kinyume chake: mama alikufa kwa figo, basi dawa za nini?

Kosa ni lile lile. Kurithi kisukari ni jambo moja; kurithi figo zisizoistahimili sukari ni jambo lingine, na mtu anaweza kupata moja bila la pili. Mwaka 1989 watafiti wa Minnesota walichunguza ndugu wa tumbo moja ambao wote walikuwa na kisukari. Aliyeugua figo akipatikana, asilimia 83 ya ndugu zake walionyesha dalili za ugonjwa huo. Asipougua, ni asilimia 17 tu. Wasomaji wangu hukumbuka ile 83 na kuisahau 17, ambayo ndiyo inayomhusu mzee wangu. Isitoshe, "hazijatusumbua" kwa kawaida humaanisha hakuna aliyepimwa, kwa kuwa figo huharibika kimyakimya kwa miaka mingi.

Jeni zenyewe ni nyingi, na kila moja ina mchango mdogo. Ipo badiliko katika COL4A3, jeni ya kolajeni inayojenga utando wa chujio la figo, ambalo humkinga mwenye kisukari aina ya kwanza.

Kinachonichosha zaidi ni kauli kwamba "Waafrika wana jeni ya figo." Wanaosema hivyo wanaikusudia APOL1, jeni ambayo uhusiano wake na ugonjwa wa figo ulitangazwa mwaka 2010. Zinahitajika nakala mbili zenye badiliko, moja ya baba na moja ya mama, na hata wenye nazo wengi hawaugui. Haionekani kuuanzisha ugonjwa wa figo wa kisukari. Huharakisha kuharibika kwa figo ambazo tayari zina jeraha. Tena imeenea sana Afrika Magharibi kuliko huku kwetu, jambo linalonitatiza, kwa sababu moja ya mabadiliko hayo huua vimelea vya malale vya Afrika Mashariki hasa. Maelezo niliyoyasoma hayajaniridhisha.

Nikiri na jingine: wagonjwa wetu wengi tunawaandikia "figo za kisukari" bila kuchukua kipande kidogo cha figo cha kupimwa, na sina shaka kwamba baadhi yao tatizo lao ni shinikizo la damu au kitu kingine kabisa. Tukikosea jina, hata hesabu zetu za urithi zinapinda.

Mzee ameanza losartani, dawa ya shinikizo la damu inayolinda pia figo. Nimemwomba awalete wadogo zake wawili wenye kisukari, kila mmoja na mkojo wake wa asubuhi.