Mbwa wa bandani hakulindi, anaogopa

Kazi yangu ni kurekebisha tabia za mbwa hapa Dar es Salaam, na wiki iliyopita niliitwa Tegeta kwa mzee mmoja. Mbwa wake, dume wa miaka 2, alikuwa amemng'ata mjukuu wa miaka 6 mkononi. Nilipouliza mbwa anaishije, mzee alinijibu kwa fahari: "Mwanangu, huyu tangu ana miezi 2 mchana hatoki bandani. Haoni mtu. Tunamfungulia saa 4 usiku. Ndiyo maana akawa mkali." Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yetu, bendeji imefika kiwiko.

Maneno hayo nimeyasikia Mbezi, Kigamboni, Goba na Chanika. Huwa nayajibu kwa upole, kwa kuwa naongea na watu walionizidi umri. Safari hii nimerudi nyumbani nimekasirika, na nimeona niyaandike.

La haraka kwanza. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo akaulizie chanjo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Na wale wa kutia pilipili, manyigu na bangi kwenye ugali wa mbwa ili awe mkali: acheni. Pilipili inamuunguza, bangi inamfanya apepesuke na kujikojolea, na hakuna anachojifunza.

Sasa huo ukali. Mbwa anayelinda anabweka akisikia hatua asizozizoea, anakuja getini, anasimama wazi akuone nawe umwone. Mwenye nyumba akitoka na kusema "karibu", anapunguza sauti, ananusa, anarudi kivulini. Anaweza kutofautisha kwa sababu mambo ya kawaida anayajua: muuza maji, fundi, watoto wanaotoka madrasa, bodaboda inayoleta gesi. Kisicho cha kawaida kinajitokeza chenyewe.

Mbwa wa bandani hana huo msingi. Kwake kila binadamu asiye yule anayesukuma sufuria ya ugali ni tishio, na mjukuu aliyekuja likizo ni sawa na mwizi. Kwa mwizi mwenyewe sasa, nimeona mbwa wa namna hii akibweka huku anarudi nyuma, mkia umebanwa tumboni. Ukisimama imara anajificha nyuma ya banda. Ukigeuka kuondoka anakuja kwenye kisigino. Ninapoitwa kwa tukio la kung'atwa huwa nauliza jeraha liko wapi, na mtu alikuwa anaelekea wapi. Mara nyingi sana alikuwa anaondoka.

Hili halijaanza kujulikana jana. Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walichapisha jaribio walilofanya kule Bar Harbor, Marekani. Walilea watoto wa mbwa ndani ya uzio mrefu bila kuwakutanisha na watu, wakawa wanawatoa kwa umri tofauti. Waliokaa mpaka wiki ya 14 bila kuzoeshwa walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoesha baadaye kulishindikana. Dirisha hilo la kuzoea watu linafunguka karibu na wiki ya 3 na kuanza kufunga wiki ya 12 hivi. Mzee wangu wa Tegeta alimfungia mbwa wake katika wiki ya 8 au 9. Siku ambazo angejifunza kwamba watoto hupiga kelele na hawadhuru, alizimaliza akitazama ukuta wa tofali.

Ndiyo maana naumia watu wanapomdharau mbwa koko. Aliyezaliwa chini ya meza ya muuza chipsi Manzese, akiwa na miezi 3 ameshapitiwa na miguu elfu, ameshasikia pikipiki, spika za msikitini, ngoma za harusi. Nimewapima wengi wa aina hiyo waliookotwa, na kwa utulivu mbele ya watu wanawashinda German Shepherd wengi walionunuliwa kwa fedha nyingi wakafungiwa "wasizoeane na watu".

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Daktari wa mifugo atakwambia mtoto wa mbwa asitoke mpaka chanjo zikamilike, na ana haki: kirusi cha parvo, kile cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi, nami nimezika watoto wa mbwa kwa ajili yake. Lakini chanjo zinakamilika karibu na wiki ya 16, dirisha limeshafunga. Ninachowashauri wateja ni kumbeba: mkae naye barazani mapajani, aone barabara, aguswe na watu waliooga na kuvua viatu, asikanyage chini mbwa wengine wanapopita. Je, nimewahi kumponza hata mmoja kwa ushauri huo? Sina uhakika kwamba hapana.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kumpiga mbwa anayenguruma. Familia ya Tegeta walikuwa na fimbo maalumu kwa kazi hiyo, imening'inizwa kwenye msumari. Mbwa ananguruma, anachapwa, ananyamaza, watu wanasema ameelewa. Kuelewa ameelewa: kwamba kunguruma kunaleta fimbo. Hofu yake kwa yule mtoto iko palepale, pengine imeongezeka, kwa kuwa sasa mtoto akisogea na fimbo inasogea. Kabla ya kung'ata mbwa hutoa taarifa nyingi. Anageuza uso. Analamba pua bila chakula kuwepo. Anapiga miayo wala hana usingizi. Anakakamaa, weupe wa jicho unaonekana, kisha ananguruma. Ukimchapa kila anapofika hapo, anajifunza kuziruka hatua hizo. Ndipo mnaniambia "aling'ata ghafla, bila sababu". Mama wa yule mtoto alinieleza kwamba mwezi mzima mbwa hakunguruma, wakaona amepoa. Naomba mtu akinisoma hapa achukue hili tu: mbwa akinguruma, mshukuru, mwondoe mtoto polepole, halafu utafute kinachomtisha.

Kumrekebisha kunawezekana kwa kiasi. Pavlov alishatuonyesha njia, ila watu huikosea kwenye mpangilio. Mtu atokee kwanza, kwa mbali, mbwa amwone akiwa bado ametulia. Kisha ndipo kipande kidogo cha ini lililochemshwa kianguke. Mtu akiondoka, ini nalo limekwisha. Ukitanguliza ini ndipo mtu atokee, baada ya siku chache ini lenyewe linamtisha. Na akikataa kula, mko karibu mno. Rudi nyuma hatua kumi.

Wateja wangu wengi ni Waislamu na huniuliza kwa faragha kuhusu mate na najisi. Hakuna ulazima wa kulambwa. Kamba ndefu na kipande cha chakula cha kumrushia vinatosha, na mnyama aliyefundishwa ametajwa kwenye Suratul Maida, aya ya 4.

Nasema kwa kiasi kwa sababu ya mbwa mmoja, Simba. Tulimtoa kwenye nyumba iliyoachwa katikati ya ujenzi, mnyororo umeingia kwenye nyama ya shingo. Miezi 8 nilikwenda kila asubuhi. Alifika kulala miguuni pangu, akamkubali na dada aliyekuwa anamlisha. Mwanaume mwenye helmeti hakumkubali kamwe, na mji huu umejaa bodaboda. Alipata nyumba yenye ukuta mrefu na watu wazima tu. Mara nyingine naamka usiku nikijiuliza kama nilimtafutia maisha au nilimhamisha banda, na kama ningekuwa na ujasiri wa kuchagua sindano ya kumuua bila maumivu endapo kungekuwa na mtoto ndani ya ile nyumba. Wenzangu tunaheshimiana tukitofautiana katika hili.

Kwa mzee wa Tegeta sikuahidi mengi. Mjukuu hatakaa peke yake na yule mbwa tena, liwe limefungwa geti la katikati kila saa. Fimbo nimeiomba, akanipa, iko kwenye gari. Kuanzia kesho banda litafunguliwa asubuhi watoto wakiwa shule, na mzee mwenyewe atakaa kwenye kiti chake chini ya mwembe na bakuli la firigisi zilizokatwa ndogondogo, asimwite, asimtazame, arushe moja kila mbwa anapotoa kichwa nje. Aliniuliza itachukua siku ngapi mpaka atoke mwili mzima. Nikamwambia alete kiti chenye mto.