Je, wajua tabibu wa mkono huutibu vipi bila kuugusa?

Tuseme bibi mmoja wa Likoni kapatwa na kiharusi, mkono wa kulia umelegea. Kumpeleka kliniki kisiwani ni kuamka alfajiri, kumshika hadi stendi ya matatu, kusukumana kwenye feri, halafu foleni. Akifika kachoka, na huko atapewa vijiti vya plastiki avichomoe tundu hili avichomeke lile. Siku hizi kuna wataalamu wa tiba kwa vitendo wanaompigia mgonjwa kama huyu simu ya video. Lakini mtu ambaye kazi yake ni kushika, atatibuje kupitia kioo cha simu?

Wasichanganywe na watu wa fizio, ambao hushughulika zaidi na misuli na mwendo. Tiba kwa vitendo huuliza: ni shughuli gani ya kila siku imekushinda? Kufunga leso, kuoga kwa kata, kutia udhu. Shughuli hizo haziko kliniki, ziko nyumbani. Korona ilipofunga njia mwaka 2020 (Mombasa kuingia na kutoka kulipigwa marufuku Aprili), wataalamu wa nchi nyingi walijikuta kwenye simu bila kupenda, na wakasimulia kwamba iliwaonyesha wasichokiona hospitalini. Kizingiti cha choo. Ngazi za nyumba za Mji wa Kale, zilivyosimama wima.

Au mbuzi ya kukunia nazi. Yataka ukae chini, magoti yapanuke, mikono miwili ikamate kizio na kukizungusha juu ya meno. Mkono mmoja ukiwa umelegea, kizio huteleza na meno yakachana kiganja. Mtaalamu akiiona kwenye simu, husema iwekwe kando kwanza, mjukuu akune. Bibi akae kitini mezani, bakuli liwekwe juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, mkono mgonjwa ulizuie, mzima ukamue tui. Chakula kinapikwa na mkono unafanya mazoezi.

Mguso nao mtaalamu huuazima kwa binti aliye kando ya bibi. "Dada, mpinde kiwiko taratibu. Kinakuja au kinagoma?" Binti hujibu kinagoma kidogo, na kidogo ya binti si kidogo ya mtaalamu. Hili ndilo linalowasumbua kuliko yote, kuliko hata bando kuisha katikati ya zoezi. Halafu jamaa hupenda kuelekeza kamera usoni kwa bibi ili asalimiane vizuri, ilhali mtaalamu anatafuta vidole. Simu huegemezwa kwenye kopo la unga, ikaanguka, mkaanza upya.

Kuna na stara. Sebule imejaa shangazi na majirani, na kuoga hakuonyeshwi kwenye kamera. Mwenye busara huomba aone bafu tupu, ndoo iko wapi, pa kushika ni wapi, kisha yaliyobaki huyauliza kwa maneno.

Mengine hayawezekani kabisa. Gango la mkono, yaani kishikizo cha kuutuliza mkono, hutengenezwa kwa plastiki inayolainishwa katika maji ya moto na kufinyangwa juu ya mkono wenyewe. Kumwinua mgonjwa mzito asiye na mizani, msaidizi akiwa hajafunzwa, ni kutafuta kuanguka kwa wawili. Ndiyo maana wengine huanza ana kwa ana, waujue uzito wa ule mkono, wiki zinazofuata ziwe za simu, na feri ibaki ya siku ya gango.