Mimea rafiki: nini hasa humzuia mdudu bustanini

Mkulima akipanda giligilani katikati ya mistari ya sukuma wiki, muulize sababu. Wengi watakujibu hapohapo: harufu yake inafukuza wadudu. Jibu hilo nimelitoa mwenyewe mara nyingi, na siku hizi naliona pungufu.

Mimea rafiki ni mimea inayopandwa karibu na mboga kwa makusudi, ili wadudu waharibifu wapungue kwenye ile mboga. Makusudi ndiyo yanayoitofautisha na kuchanganya mazao kwa sababu eneo ni dogo, ingawa mchanganyiko wa namna hiyo nao unaweza kuleta nafuu ambayo mwenye shamba hakuitafuta.

Kinachotupotosha ni neno "kufukuza". Huko Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa mboga cha Wellesbourne, Stan Finch na Rosemary Collier walimfuatilia kwa miaka mingi nzi anayetaga kwenye udongo penye shina la kabichi. Harufu ya kabichi humwambia nzi huyo kwamba chakula kipo karibu, lakini anapokuja kutua hufuata rangi. Hutua kwenye chochote cha kijani na kuuepuka udongo. Akishatua, huonja jani kwa miguu, akaruka kidogo na kutua tena. Akigusa kabichi mara kadhaa mfululizo ndipo hushuka kutaga. Akitua kwenye jani la mmea mwingine, hesabu yake inakatika, na akikosea mara nyingi huondoka kabisa. Walipolinganisha mimea yenye harufu kali na isiyo na harufu, ile ya harufu haikuwa bora zaidi. Hata kadi za kijani zilimchanganya nzi.

Kwa hiyo tuta lililopaliliwa hadi likabaki udongo mtupu na kabichi peke yake linamrahisishia mdudu kazi. Likiwa na majani mengine ya kijani katikati, linamzubaisha. Lakini kuna gharama: majani hayo nayo yanakunywa maji na kula mbolea, na yakirefuka kuliko kabichi yanaitia kivuli. Chagua mmea mfupi, au uwe unaupunguza mara kwa mara.

Giligilani ina kazi nyingine ninayoithamini zaidi, nayo huanza pale wengi wanapoing'oa. Iache michache itoe maua. Maua yake ni madogo na hayana kina, kwa hiyo wadudu wenye midomo mifupi wanaifikia asali yake. Kwenye tuta langu, asubuhi jua likianza kuchoma, huwa nawaona nzi wembamba wenye mistari ya manjano wameganda hewani juu ya maua. Mabuu yao hula vidukari. Ukifunua jani la sukuma wiki lililo jirani, kati ya vidukari wa kijivu wanaoonekana kama wamepakwa unga, utakuta wengine wamevimba, wana rangi ya kahawia na hawatikisiki. Mtazame vizuri mmoja: mara nyingi mgongoni ana tundu la duara. Nyigu mdogo kuliko sisimizi alitaga yai ndani ya kidukari, buu likamla, kisha nyigu mpya akatokea hapo. Jani la namna hiyo ukilipulizia sumu, unawaua waliokuwa wanakufanyia kazi bure.

Bangi mwitu (si bangi ya kuvuta) na jamaa zake wa bustanini wenye maua ya manjano na rangi ya chungwa hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mizizi yao ina kemikali yenye sumu kwa minyoo fundo, ile inayoacha vinundu kwenye mizizi ya nyanya. Ila mche mmoja kwenye pembe ya tuta hausaidii. Maua hayo yanahitaji kujaza tuta zima kwa miezi miwili au mitatu, kisha ndipo nyanya ifuate. Ukiyaita rafiki wa nyanya, urafiki huo ni wa kupokezana zamu.

Njia ya mwisho ni mtego. Wakulima wa mahindi wanaijua kupitia vuta-sukuma, iliyoanzia icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mahindi ili kuwasukuma nondo wa bungua, ambao viwavi wao hutoboa mashina ya mahindi, na mabingobingo pembezoni huwavuta wakatage huko, ambako viwavi wengi hufa. Desmodiamu pia hukandamiza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na kwa wengi hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Kwenye kabichi, mtego ni haradali. Nondo ambaye viwavi wake wadogo wa kijani hutoboa majani ya kabichi huipenda haradali kuliko kabichi yenyewe. Nchini India waliipanda kwa mistari kati ya kabichi mara mbili: kama siku 15 kabla ya kuhamisha miche, na tena kama siku 25 baada yake, ili isizeeke kabichi ikiwa bado changa. Hapa usilegee. Mabingobingo huua viwavi yenyewe, lakini haradali huwalea. Ipitie mara mbili kwa wiki, geuza majani, uponde mayai na viwavi kwa vidole. Ikianza kukauka, ing'oe na kuichoma kabla viwavi hawajahamia kwenye kabichi.