Sayansi ya siasa: je, ni kusomea ubunge?

Sema barazani Ngamiani, hapa Tanga, kwamba mtoto wako anakwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusoma sayansi ya siasa. Hatakosekana mzee wa kuuliza, kikombe cha kahawa mkononi: “Kumbe anasomea ubunge?”

Ubunge hausomewi. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 67, inamtaka mgombea awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na aliyependekezwa na chama chake. Digrii haimo. Hata marais wetu: Kikwete, mtu wa Msoga, alisoma uchumi, Magufuli alikuwa mtu wa kemia.

Sayansi ya siasa ni elimu ya madaraka: nani anayo, ameyapataje, yanamnufaisha nani, na kitu gani kinamzuia asiyatumie atakavyo. Mikutano ya kampeni ya uwanja wa Tangamano, na spika zake na kofia zake, ni siasa yenyewe. Msomi huichunguza tu, na si lazima awe na kadi ya chama chochote.

Tazama bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mhandisi atauliza habari za mabomba na kina cha bahari. Huyu wa siasa atauliza kwa nini liishie kwetu. Kenya nayo ililitaka lipite kwake hadi Lamu. Mwaka 2016 Uganda ikachagua Tanga. Usalama, gharama na ardhi vilipimwaje? Mwenye shamba lililopitiwa alisikilizwa na nani, na fidia yake aliipanga nani? Humo mna uhusiano wa kimataifa, sera za umma, uchumi wa kisiasa na serikali za mitaa, yaani kozi zenyewe za darasani. Tena Rais Museveni wa Uganda, aliyekuwa upande wa pili wa meza, alisoma siasa na uchumi hapohapo Dar es Salaam, akamaliza 1970.

Shahada ni miaka 3. Waliotoka HGL, yaani historia, jiografia na lugha ya Kiingereza kidato cha tano na sita, hudhani watasoma insha tu, kisha wanakutana na takwimu na mbinu za utafiti. Hapo ndipo jasho hutoka.

Kazi je? Tusidanganyane: haina mlango wake maalumu kama uuguzi. Wahitimu wako halmashauri, wizarani, kwenye asasi za kiraia, vyumba vya habari na miradi ya utafiti. Wanaotamani ubalozi wengine huongeza masomo Chuo cha Diplomasia, Kurasini. Mdogo wangu angeniuliza, ningemwambia achanganye na kozi za utawala wa umma, asizikimbie takwimu, na likizo aombe kujitolea halmashauri ya jiji aone bajeti inavyogombaniwa. Akiutaka ubunge wenyewe, hiyo ni safari nyingine, na inaanzia tawi la chama mtaani kwake.