Afisa ustawi wa jamii hajaja kukunyang'anya mtoto

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: afisa ustawi wa jamii akibisha hodi, ficha watoto, amekuja kuwachukua. Si kweli. Kazi yake huanza kwa kusikiliza. Anakaa na mama, anauliza nani humsaidia mtoto akiugua, anatafuta uwezo wa familia, si upungufu tu, kisha wanapanga hatua pamoja. Kumtenga mtoto na wazazi ni hatua ya mwisho, akiwa hatarini, na nchi nyingi huihusisha mahakama. Tunachanganyikiwa kwa kuwa kesi hizo ndizo zinazosimuliwa; mzee aliyesaidiwa na afisa huyohuyo kupata matibabu hasimuliwi. Una shaka? Omba kitambulisho, uliza sababu ya ujio, thibitisha ofisini kwake. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze.